Sura ya Sita: Kinachopotea kati ya Paa na Sebule

Swali moja huulizwa karibu katika kila nyumba yenye king'amuzi: ikiwa dishi limeelekezwa sawasawa, au antena imeinuliwa juu ya mlingoti mrefu, na fundi amepima pale pale paani akakuta mawimbi yana nguvu ya kutosha, mbona picha inayofika sebuleni hugandaganda, ikavunjika vipande vya mraba, na pengine ikatoweka kabisa? Wengi huilaumu kampuni inayorusha matangazo, wengine huyalaumu mawingu, na ni wachache wanaokumbuka kuitazama kebo nyembamba inayoshuka ukutani, ingawa mara nyingi kebo hiyo ndiyo iliyokula kile kilichonaswa kule juu.

Zamani za televisheni ya analojia, upotevu ulijitangaza wenyewe, kwa kuwa kadiri mawimbi yalivyodhoofika ndivyo chenga zilivyoongezeka kwenye kioo, na mwenye nyumba alikuwa na miezi kadhaa ya kuona hali ikiharibika kabla picha haijapotea. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, kwa kuanzia na jiji la Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, chenga zilikwisha, na pamoja nazo likaondoka onyo. Mfumo wa dijitali hubeba picha kwa tarakimu, nayo mashine inayozipokea huweza kusahihisha makosa machache bila mtazamaji kujua lolote, lakini makosa yakizidi kiwango fulani picha huporomoka kwa ghafla. Kebo mbovu yaweza kwa hiyo kukaa kimya kwa muda mrefu, picha ikiwa safi kabisa, huku akiba ya nguvu ikiwa imebaki kidogo kiasi kwamba mvua moja nzito hutosha kuimaliza.

Waya unapoacha kuwa waya

Masafa ni idadi ya mara ambazo wimbi hupanda na kushuka katika sekunde moja, na kipimo chake ni hezi. Megahezi moja ni mara milioni moja kwa sekunde, na gigahezi moja ni mara bilioni moja. Umeme wa nyumbani una masafa ya hezi 50 tu. Televisheni ya antena hutumia masafa yanayoanzia megahezi 470 na kukaribia 700, na mawimbi yanayoshuka kutoka kwenye dishi kuelekea king'amuzi huwa kati ya megahezi 950 na 2150.

Wimbi la hezi 50 lina urefu wa kilomita 6000 hewani, hata nyaya zote za nyumba, kutoka kwenye mita hadi taa ya mwisho, ni nukta tu mbele yake. Wimbi la megahezi 600 lina urefu wa nusu mita, na kebo ya mita 30 hubeba kwa wakati mmoja makumi ya vilele na mabonde yanayofuatana kama mawimbi ya msimu wa kusi yanavyofuatana kuelekea ufukweni. Waya uliofikia hali hiyo hautoshi tena kuitwa waya. Wahandisi huuita laini ya usafirishaji, yaani njia iliyotengenezwa kwa vipimo maalumu ili wimbi lipite ndani yake bila kumwagika wala kurudi nyuma.

Laini iliyoenea zaidi majumbani ni kebo ya koaksia, ambayo ina waya mmoja katikati, ukizungukwa na kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, kisha foili na wavu wa nyaya nyembamba, na nje kabisa ganda la plastiki. Oliver Heaviside, Mwingereza aliyekuwa opereta wa simu za maandishi na aliyejisomea hisabati mwenyewe, alipata hataza ya kebo ya namna hiyo mwaka 1880. Jambo ambalo watu wengi hawalitarajii ni kwamba wimbi halisafiri ndani ya shaba, bali katika nafasi iliyo kati ya waya wa kati na wavu, ambako kihami kipo. Shaba na wavu ni kama kingo mbili za mto, na maji ni kile kilichomo katikati. Mto huu hupoteza maji kwa namna mbili za kawaida, kwenye kingo zake na kwenye kitu kilichojaza katikati, na kwa namna ya tatu inayotokea pale upana wa mto unapobadilika ghafla.

Hesabu ya kupungua

Kipimo kinachotumika katika fani hii ni desibeli, ambayo ni namna ya kusema nguvu imepungua au kuongezeka mara ngapi. Nguvu ikipungua kwa desibeli 3, iliyobaki ni nusu. Ikipungua kwa desibeli 10, iliyobaki ni sehemu moja kati ya kumi. Na ikipungua kwa desibeli 20, iliyobaki ni sehemu moja kati ya mia. Faida ya kipimo hiki ni kwamba hasara hujumlishwa tu kama bei za vitu sokoni: kebo ikila desibeli 5, kigawanyi kikala 4 na kiungo kibovu kikala 2, hasara yote ni desibeli 11.

Kebo ya kawaida ya dishi, inayouzwa madukani kwa jina la RG-6, ikiwa imetengenezwa vizuri hupoteza takriban kiasi hiki kwa kila mita 100:

- katika megahezi 100, desibeli 6 hadi 7;
- katika megahezi 600, desibeli 16 hivi;
- katika megahezi 1000, desibeli 20 au 21;
- katika megahezi 2150, desibeli 31 hivi.

Mwenye nyumba anayeshusha kebo ya mita 30 kutoka paani hupokea, katika megahezi 600, takriban theluthi moja ya nguvu iliyonaswa na antena, na katika megahezi 2150 hupokea sehemu moja tu kati ya nane au tisa. Kebo ni ile ile na urefu ni ule ule. Kilichobadilika ni masafa.

Ukingo wa kwanza: umeme unaokimbilia juu ya ngozi

Umeme wa hezi 50 hupita katika unene wote wa waya wa nyumbani, na ndiyo sababu waya mnene hubeba mzigo mkubwa kuliko mwembamba. Masafa yanapopanda, uga wa sumaku unaozalishwa na mkondo hubadilika kwa kasi kiasi cha kuzusha ndani ya waya mikondo mingine inayoupinga ule wa katikati, na matokeo yake umeme husukumwa nje hadi ukabaki unapita katika tabaka jembamba la juu. Hali hii huitwa athari ya ngozi. Katika shaba, tabaka hilo lina kina cha milimita 9 hivi kwa hezi 50, milimita 0.066 kwa megahezi moja, ambayo inakaribia unene wa unywele, na milimita 0.002 tu kwa gigahezi moja. Waya wa kati wa kebo ya dishi una kipenyo cha milimita moja, lakini mawimbi yanatumia ganda lake la juu tu, kama embe ambalo mlaji amelamba maganda akaiacha nyama yote.

Kwa kuwa njia imekuwa nyembamba, ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, huongezeka, na sehemu ya nguvu hugeuka joto. Hasara hii hukua kwa kipeuo cha pili cha masafa: masafa yakizidishwa mara nne, desibeli zinazopotea kwenye shaba huongezeka mara mbili. Dawa yake ni eneo kubwa la juu, yaani waya wa kati wenye kipenyo kikubwa ndani ya kebo iliyo nene kwa ujumla, na hiyo ndiyo sababu kebo za vituo vya redio huwa nene kama mkono wa mtoto.

Athari ya ngozi imewapa watengenezaji wa kebo za bei nafuu ujanja mmoja ambao si udanganyifu, lakini una mtego. Kama wimbi linatumia ngozi tu, hakuna haja ya waya wote kuwa wa shaba, na kwa hiyo huwekwa chuma ndani na kupakwa shaba juu. Kwa mawimbi ya televisheni kebo hiyo hufanya kazi karibu sawa na ya shaba tupu. Mtego uko kwenye umeme mwingine unaopita humo humo: kichwa cha dishi, ambacho mafundi hukiita LNB, hupata umeme wake kutoka kwenye king'amuzi kupitia kebo hiyo hiyo, kwa volti 13 au 18, na tofauti ya volti hizo ndiyo inayokiambia kichagua kundi lipi la chaneli. Umeme huo ni wa mkondo mnyoofu, usiopanda wala kushuka, nao hupita katika unene wote wa waya, ambako sasa hukutana na chuma kinachopitisha umeme vibaya mno kuliko shaba. Kebo ikiwa ndefu na viungo vikiwa vimeota kutu, volti 18 zaweza kufika juu zikiwa zimepungua kiasi kwamba LNB huzihesabu kuwa 13, na nusu ya chaneli zikatoweka huku nyingine zikionekana vizuri kabisa. Fundi asiyejua jambo hili atazungusha dishi kutwa nzima. Kwa kebo isiyozidi mita 20 tofauti hiyo ni ndogo. Kwa ghorofa nne au tano, shaba tupu inastahili bei yake.

Kuhusu dhahabu, inayotangazwa sana kwenye maboksi ya plagi za bei ghali, ukweli ni kwamba dhahabu hupitisha umeme vibaya kuliko shaba. Inatumika kwa sababu haioti kutu, na hiyo ni sababu nzuri ya kutosha pale plagi inapochomekwa na kuchomolewa mara kwa mara. Fedha ndiyo inayoishinda shaba, lakini kwa asilimia chache tu.

Kilichojaza katikati

Kihami nacho hula mawimbi. Uga wa umeme unaobadilika mara mamilioni kwa sekunde huzivutavuta molekuli za kitu kilichomo ndani yake, nazo zikijigeuza huku na huku hutoa joto, kama chakula kinavyopata moto katika oveni ya maikrowevu, ambayo hutumia masafa ya gigahezi 2.45. Kihami kizuri ni kile ambacho molekuli zake hazishtuki. Polithini, iliyogunduliwa Uingereza mwaka 1933, ilipata umuhimu wake wa kwanza mkubwa katika kebo za rada wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa sababu ya sifa hiyo, na mpaka leo ndiyo inayojaza kebo nyingi. Kizuri kuliko plastiki yoyote, hata hivyo, ni hewa, na ndiyo maana kebo bora za dishi hutumia polithini iliyopulizwa povu, yenye viputo vingi vya gesi vilivyofungwa ndani. Ukikatwa mwisho wa kebo na kihami kikaonekana cheupe chenye vitundu vidogo sana, kama mkate ulioumuka vizuri, hiyo ni dalili njema.

Hasara ya kihami huongezeka sambamba na masafa, si kwa kipeuo, na kwa hiyo ingawa katika megahezi 600 ni ndogo ikilinganishwa na ile ya shaba, katika gigahezi kadhaa huanza kuonekana. Watengenezaji wa bodi za simu na kompyuta wanalijua hilo vizuri, kwa sababu kioo-nyuzi cha kawaida wanachochapishia saketi hupoteza mawimbi mara makumi kuliko polithini, jambo linalowalazimu kununua bodi za gharama zaidi pale masafa yanapokuwa makubwa.

Kwa ufupi, kebo hupoteza nguvu kwenye ngozi ya metali na kwenye kihami, na hasara zote mbili hukua pamoja na urefu na pamoja na masafa. Hatua za kwanza za kuzipunguza ni kufupisha njia, kuchagua kebo nene yenye kihami cha povu na, pale inapowezekana, kushusha masafa kabla ya kuingia kwenye kebo.

Omu 75 na mlango mwembamba

Kila kebo ya koaksia ina namba inayoandikwa ubavuni, kwa kawaida omu 75 au omu 50. Namba hiyo haipimi ugumu wa shaba; ni impedansi, yaani uwiano kati ya volti na mkondo wa wimbi linapokuwa safarini ndani ya kebo, na huamuliwa na vipenyo vya waya wa kati na wavu pamoja na aina ya kihami. Kwa kebo yenye hewa tupu ndani, hesabu huonyesha kwamba hasara ni ndogo kabisa pale kipenyo cha wavu kinapokuwa takriban mara 3.6 ya kipenyo cha waya wa kati, na uwiano huo huzaa impedansi ya omu 77. Omu 75 za televisheni zinakaribia hapo. Omu 50 za redio za mawasiliano ni mapatano kati ya hasara ndogo na uwezo wa kubeba nguvu kubwa, ambao kilele chake kiko karibu na omu 30.

Wimbi linapotoka katika impedansi moja na kuingia katika nyingine, sehemu yake hurudi nyuma, kama sauti inavyorudi kutoka ukutani. Kurudi huko huitwa uakisi. Mafundi wengi huamini kwamba kutumia kebo ya omu 50 mahali pa omu 75 ni kosa la kuua kabisa mawimbi, lakini hesabu haikubali: penye kiungo kama hicho nguvu inayorudi ni asilimia 4 tu. Hatari iko kwingine, mahali ambapo watu hawana hofu napo.

Mahali hapo ni pale kebo moja inapomenywa, waya ukasokotwa na nyaya za kebo mbili, kisha ukafungwa kwa gundi ya umeme ili televisheni ya sebuleni na ya chumbani zipate picha. Kwa mtazamo wa wimbi linaloshuka, kebo mbili za omu 75 zilizounganishwa pamoja ni mlango wa omu 37.5, na asilimia 11 ya nguvu hurudi juu huku inayobaki ikigawanywa mara mbili. Hadi hapo hasara yenyewe haizidi sana ile ya kigawanyi halali, maarufu kama splita, ambacho hupoteza desibeli 3.5 hadi 4 kwa kila upande. Maafa huja pale televisheni ya chumbani inapochomolewa na mwisho wa kebo yake ukabaki wazi. Wimbi linalofika kwenye mwisho ulio wazi hurudi lote, na likikuta kwenye maungano wimbi jipya ambalo liko kinyume chake, kilele kwa bonde, mawili hayo hufutana.

Katika megahezi 600, mkia ulio wazi wa takriban sentimita 10 tu, ambao ni robo ya wimbi ndani ya kebo ya povu, hutosha kuifunga njia kana kwamba waya wa kati umegusana na wavu. Mkia mrefu hufanya vivyo hivyo katika masafa mengi: ule wa mita 5 hutoboa shimo kila baada ya takriban megahezi 25, na kwa kuwa kundi moja la chaneli za dijitali huchukua megahezi 8, baadhi ya makundi huangukia shimoni na mengine hupona. Hapo ndipo mwenye nyumba anaposhangaa kuona chaneli hizi zipo na zile hazipo, akapiga simu kwa kampuni ya matangazo kulalamika. Splita halali huzuia jambo hilo kwa sehemu kubwa kwa sababu imeundwa kuzitenga njia zake mbili, na tundu lisilotumika linapofungwa kwa kizibo cha omu 75, wimbi lililoelekea huko humezwa badala ya kurudi.

Uakisi huletwa pia na mikunjo na michubuko. Msumari wa kubania kebo ukipigwa kwa nguvu hadi ukaibonyeza, wavu husogea karibu na waya wa kati, uwiano wa vipenyo huvurugika, na mahali hapo hugeuka kibonde kidogo cha impedansi. Kebo ya unene wa milimita 7 isikunjwe kwa kona kali kuliko ukingo wa sahani ndogo ya chai.

Maji, chumvi na konekta

Kebo mpya na kebo iliyonyeshewa ndani ni vitu viwili tofauti. Maji huubana uga wa umeme mara nyingi zaidi kuliko polithini, kwa kiwango cha 80 dhidi ya 2.3, hivi kwamba hata unyevu mdogo uliopenya katika wavu hubadilisha impedansi na kuongeza hasara, na baada ya muda huiozesha metali. Katika miji ya pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Mtwara, upepo hubeba chumvi, nayo chumvi huharakisha kutu, kwa hiyo kiungo ambacho kingedumu miaka mingi bara huenda kikahitaji kuangaliwa mapema zaidi.

Maji huingia karibu daima kwenye konekta, ile plagi ya metali iliyo mwisho wa kebo. Konekta ya kuzungusha kwa mkono ni rahisi kuifunga na ni rahisi vilevile kulegea; ya kubanwa kwa koleo maalumu hushika ganda lote na kuacha nafasi ndogo ya maji. Fundi makini hufanya mambo haya kabla ya kushuka kwenye ngazi:

- huhakikisha hakuna hata unyuzi mmoja wa wavu unaogusa waya wa kati;
- huzungushia konekta utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, akianzia chini kwenda juu ili mikunjo yake imwage maji kama makuti ya paa;
- huacha kebo ining'inie kitanzi kidogo kabla haijaingia ukutani, ili maji yadondokee chini ya kitanzi badala ya kuifuata kebo hadi ndani.

Hatua hizo huchukua dakika chache, na faida yake huzidi ile ya kubadilisha kebo nzuri kwa kebo nzuri zaidi.

Busta iwekwe wapi?

Mtu akisikia kwamba nguvu imepotea, wazo lake la kwanza ni kuiongeza, na madukani kuna vikuza mawimbi, maarufu kama busta, ambavyo wanunuzi wengi huvichomeka nyuma ya televisheni kwa sababu huko ndiko kuliko na umeme. Wazo hilo lina umri mkubwa. Mwaka 1858, kebo ya kwanza ya simu za maandishi ilipolazwa chini ya Bahari ya Atlantiki, ujumbe wa Malkia Victoria wenye maneno 98 ulichukua saa 16 kupita, na Wildman Whitehouse, aliyesimamia upande wa umeme, aliamini kwamba dawa ni kusukuma kwa nguvu zaidi, akatumia volti zinazokadiriwa kufika 2000. Kebo ilikufa baada ya wiki chache. William Thomson, aliyekuja kujulikana kama Lord Kelvin, alikuwa ameshatahadharisha kwamba tatizo liko katika umbile la kebo yenyewe, na kwamba kinachohitajika ni shaba nene zaidi na chombo chepesi cha kupokelea kinachohisi mkondo mdogo sana. Unguja ilipounganishwa na Aden na Durban kwa kebo ya baharini mwaka 1879, mafunzo hayo yalikuwa yameshaingia katika utengenezaji wa kebo zote za aina hiyo. Masafa ya wakati huo yalikuwa ya chini mno, lakini kosa la Whitehouse linafanana sana na la busta ya sebuleni.

Ili kuona kosa liko wapi, sharti kwanza ieleweke kelele. Katika lugha ya mawasiliano, kelele ni mitetemo isiyo na maana inayozalishwa na joto la kila kifaa, ile ambayo kwenye redio isiyoshika stesheni husikika kama mvumo. Kinachoamua kama picha itaonekana si ukubwa wa mawimbi peke yake, bali ni kwa kiasi gani yanaizidi kelele. Kebo hupunguza mawimbi lakini haiipunguzi kelele chini ya kiwango chake cha asili, kwa hiyo mawimbi yanapofika chini yamesogea karibu na kelele, na busta iliyowekwa hapo huvikuza vyote viwili kwa pamoja na kuongeza kidogo ya kwake. Ni kama kuongeza sauti ya spika wakati mtu wa upande wa pili ananong'ona katikati ya soko.

Harald Friis, mhandisi mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi katika maabara ya Bell nchini Marekani, aliliweka jambo hili katika kanuni mwaka 1944, na mfano mmoja wa hesabu hutosha kuionyesha. Chukuliwe kebo inayopoteza desibeli 5, televisheni inayoongeza kelele kwa kiwango cha desibeli 7, na busta yenye ukuzaji wa desibeli 20 na kelele ya desibeli 3. Bila busta, mfumo wote hufanya kazi kana kwamba una kelele ya desibeli 12. Busta ikiwekwa chini, nyuma ya televisheni, kiwango hushuka hadi 8 hivi. Busta hiyo hiyo ikipandishwa juu, karibu na antena, hushuka hadi 3.3. Kifaa ni kimoja na bei ni moja, lakini tofauti ya mahali pake ina thamani ya karibu desibeli 5, sawa na kuifuta kebo yote.

LNB ya dishi ndiyo mfano bora wa kanuni hii, kwa kuwa imekaa pale pale mawimbi yanapokusanyika na hufanya kazi mbili kwa mpigo. Kwanza huyakuza kwa desibeli 50 hadi 60, ikiwa na kelele isiyofikia desibeli moja. Pili huyashusha masafa. Satelaiti za matangazo hurusha kwa gigahezi 10.7 hadi 12.75, na kama masafa hayo yangeachwa yapite kwenye kebo ya kawaida, mita 30 zingepoteza zaidi ya desibeli 20 na kubakiza chini ya sehemu moja kati ya mia. LNB huyachanganya na wimbi lake la ndani, kisha huteremsha tofauti yao, iliyo kati ya megahezi 950 na 2150, ambayo kebo inaimudu. Mwenye dishi hahitaji busta nyingine isipokuwa kebo yake iwe ndefu kupita kiasi.

Kwa ufupi, kikuzaji kina faida pale kinapotangulia hasara. Kikiifuata, husaidia kidogo tu, na pengine huharibu, hasa karibu na mtambo wa kurushia matangazo, ambako mawimbi makali hukilemea.

Kebo inapoondolewa

Katika masafa ya juu zaidi, wahandisi waligundua kwamba waya wa kati ndio unaokula zaidi kwa kuwa ngozi yake ni ndogo, wakauondoa. Lord Rayleigh alionyesha kwa hisabati mwaka 1897 kwamba wimbi laweza kusafiri ndani ya bomba tupu la metali mradi upana wake usiwe mdogo kuliko kiasi fulani, na katika gigahezi 10 bomba la shaba la namna hiyo hupoteza desibeli 0.1 hivi kwa mita, chini ya sehemu ya tano ya kebo ya kawaida. Mabomba hayo ni ghali na hayapindiki, hivyo yamebaki kwenye rada na vituo vya satelaiti.

Mabadiliko makubwa zaidi yameonekana kwenye minara ya simu. Mtindo wa zamani uliweka redio ndani ya kibanda chini ya mnara na kupandisha kebo nene za koaksia hadi kwenye antena. Kebo ya aina hiyo katika megahezi 2100 hupoteza takriban desibeli 6 kwa mita 100, na kwa mnara wa mita 50 hizo ni desibeli 3: nusu ya nguvu iliyozalishwa chini, mara nyingi kwa jenereta ya dizeli, ilipasha joto kebo bila kumfikia mteja yeyote. Siku hizi redio yenyewe hupandishwa juu, nyuma ya antena, na kinachopanda mnarani ni waya wa umeme wa mkondo mnyoofu pamoja na mkongo mwembamba, yaani uzi wa kioo unaopitisha mwanga.

Uzi huo una hesabu zake. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham walidai kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha hasara yake yaweza kushuka hadi desibeli 20 kwa kilomita. Mwaka 1970 kampuni ya Corning ya Marekani ikaivuka alama hiyo, na mkongo wa leo hupoteza takriban desibeli 0.2 kwa kilomita. Hasara ambayo kebo ya dishi huipata katika mita 100, mkongo huipata katika kilomita 150, mbali kuliko kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze.

Juu ya mnara, kati ya redio na antena, bado kumebaki kipande cha koaksia cha mita moja au mbili, na mafundi wanaopanda huko hufunga konekta zake kwa utepe wa mpira ule ule, wakianzia chini kwenda juu.